Bustani ya samaki Kisasa, wanapozima spika ili wazee wasikie habari zao

Kila mwezi nasema nitaandika kuhusu hii bustani ya samaki ya huku Kisasa halafu naahirisha, leo nimepata nafasi naandika yote, itakuwa ndefu kidogo mnisamehe. Mimi siendi pale kama mteja wa kupita, kula sato na kuondoka. Naenda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kumpeleka mzee wangu. Alikuwa Wanamaji, Kigamboni, amestaafu siku nyingi, na mama alipofariki nikamhamishia huku Dodoma nikae nae karibu maana kazi yangu ipo Mtumba. Wenzake waliopo huku wana umoja wao wa wastaafu, wako kama 14 hivi, wanakutana, wanapeana habari, wanachangiana, wanakula samaki. Ukiwaambia watu kwamba Dodoma kuna mabaharia wanashangaa, maana mpaka baharini ni kilomita kama 450, lakini wapo, wengi wamefuata watoto wao serikali ilipohamia huku, na mmoja ni Mgogo kabisa wa Mvumi amerudi kwao, yeye bahari aliiona kwa mara ya kwanza siku anaripoti kambini.

Kabla ya hapa walikuwa wanakutana sehemu nyingine, jina sitaji. Ilikuwa baa, TV kubwa ukutani, mpira unaonyeshwa, spika mbili kila kona. Sasa hawa wazee masikio yao wengi yamekwisha. Kamandi ya Wanamaji ilianzishwa 1971 kwa msaada wa Wachina na boti za doria zikatoka hukohuko China, baba aliingia miaka michache baadae akawekwa fundi mitambo, anasema injini zikishawaka kule chini mnaongea kwa mikono tu, na enzi hizo vitu vya kuziba masikio nani alikuwa navyo. Kwahiyo katibu anasoma habari za mwezi, spika inapiga, mzee anatikisa kichwa kama amesikia. Mwezi mmoja katibu alitangaza kuwa rafiki yake baba kafariki Dar asubuhi ileile, mtu waliyelala nae bweni moja kozi ya kwanza kabisa. Baba akatikisa kichwa, akamalizia samaki wake, tukarudi nyumbani. Mimi nilikuwa nimetoka nje kuongea na simu, sikusikia chochote. Grupu la WhatsApp lipo ila baba anatumia kitochi. Jumatano jioni ananiita, "Mama, mbona namba ya fulani haipatikani siku zote hizi?" Nikampigia katibu. Walishamzika Jumatatu.

Mzee alikaa kwenye ngazi ya jikoni na ile simu mkononi mpaka giza likaingia. Hakumlaumu mtu, mimi ndo nililaumu. Kesho yake nikaenda kwa katibu nikamwambia shikamoo baba mdogo, nakuomba tutafute sehemu nyingine, pale hamsikilizani. Akaniambia hata yeye anaona watu wanaitikia tu. Tukazunguka wiki mbili na bajaji, Area C, Area D, Chang'ombe, kila sehemu ina spika, mpaka tukafika hapa.

Pakoje sasa. Ni uwanja wa changarawe, kuna mwarobaini mmoja mkubwa kivuli chake kinafika mpaka getini, na chini yake kuna meza moja ndefu ya mbao, watu 16 wanakaa wote wanaonana uso. Siku ya kwanza muziki ulikuwepo kama kwingine, nikasema basi ni yaleyale. Katibu akasimama na daftari lake la kaunta, wazee wakainamisha vichwa kumsogelea, mkono nyuma ya sikio. Yule dada anayehudumu alikuwa anapita na trei ya soda, akaangalia, akaweka trei mezani kwa watu wengine, akaenda ndani akazima spika. Hakuna aliyemwomba. Mimi niliona na nilitaka kulia pale pale.

Tangu siku hiyo Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuanzia saa 6 mpaka saa 9 mchana muziki haupigwi upande wa mwarobaini. Kuna siku vijana walikuja na birthday yao wakalalamika, meneja akawahamishia nyuma kule jikoni akawapa spika ndogo na chipsi sahani moja ya bure, wakafurahi, na huku kimya kikabaki. Huyo meneja ni kijana mdogo tu, lakini kichwa anacho.

Habari zenyewe zinasomwa hivi. Katibu anavaa miwani, anasoma polepole. Nani kalazwa Benjamin Mkapa na wodi gani, nani karuhusiwa, nani kapata mjukuu, nani bado hajatoa mchango wa mwezi wa tatu (hapo wanacheka, anayetajwa anatoa pesa palepale). Waliofariki anawaweka mwisho. Hapo wote wanasimama, hata anayetembelea fimbo anasimama, kofia mkononi, na wale wadada wakiwa wamebeba sahani wanasimama nazo hukohuko walipo. Halafu katibu anazungukia meza mmoja mmoja, "Umesikia afande?" na kila mtu anajibu kwa mdomo wake, "Nimesikia." Hii waliianza baada ya ule msiba. Baba anajibu kwa sauti mpaka wa getini anasikia.

Haya chakula. Unachagua samaki mwenyewe akiwa mbichi kwenye boksi la barafu. Sato wa Mwanza ni mzuri, 15,000 mpaka 20,000 kwa ukubwa wake, anakaangwa mkavu nje laini ndani, kachumbari na ndimu juu, ugali hawabani. Ila mimi nakushauri chukua perege wa Mtera kama wapo, wanafika asubuhi kutoka bwawani, ni wadogo lakini watamu mno hasa wa kuchemsha na nyanya. Samaki wa bahari waacheni. Nasema hivi kwa upendo. Changu wao anatoka Feri, soko la samaki la Dar, Alhamisi, mpaka Jumamosi ameshachoka, macho yamedidimia, baba alimbonyeza kidole pale mgongoni shimo likabaki vilevile, akamrudisha kwenye barafu bila neno akanionyesha sato. Huwezi kumlisha changu wa hivyo mtu aliyeishi Kigamboni miaka yote hiyo, bora wasiwaweke kabisa kwenye menyu. Kingine oda inachelewa, dakika 50 kawaida, kwahiyo piga simu mapema. Yule mzee wa Mvumi yeye anasalimia "Mbukwenyi!" kuanzia getini, na kwa ajili yake jikoni wanamsongea ugali wa mtama na mlenda, haupo kwenye menyu ila wanampikia.

Na kuna mwingine hali samaki wa ziwa kabisa. Sato hali, sangara hali. Alikuwa mzamiaji, meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 akawa miongoni mwa waliopelekwa kule kutoa watu majini. Mara ya kwanza mhudumu alimuuliza mbona huli mzee, sato wetu ni fresh, akamjibu tu, "Mwanangu, mimi nilifanya kazi Mwanza mwaka 96." Yule dada hajazaliwa mwaka huo. Lakini inaonekana alienda kuuliza wakubwa wake, maana mwezi uliofuata tulipokaa tu, kabla mtu hajaagiza, akamwekea mzee kuku wa kienyeji wa kuchoma, akamnawisha mikono, akaondoka. Hakuuliza tena na hajawahi kukosea mpaka leo. Mimi nimekula hoteli za ghali hapa mjini sijapata huduma ya hivyo.

Choo kilikuwa tatizo, kuna ngazi tatu hazina pa kushika na magoti ya watu wa miaka 70 mnayajua. Nilimwambia meneja, mwezi uliofuata nikakuta bomba limechomelewa pembeni, limepakwa rangi ya bluu. Maji ya kunawa yapo ya moto.

Mwezi wa saba upepo wa Dodoma uliwakuta pale, vumbi lile jekundu, turubai likachomoka upande mmoja likawa linapiga meza. Wahudumu wanahangaika na kamba, mafundo yanafunguka. Mzee mmoja akainuka taratibu, akasema hili ni kusi hilohilo la pwani limetembea tu, akachukua kamba akaipitisha kwenye nguzo, kitanzi, ikapita chini, akavuta mara moja. Vidole vinatetemeka akishika kikombe lakini pale havikutetemeka. Turubai halijafunguka tangu siku hiyo, nimelikagua mwenyewe.

Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024 hata wenzao wa Kigamboni wanakuja, masaa matatu na kitu wapo hapa, zamani kwa basi siku nzima ilikuwa inaishia njiani. Mwezi uliopita walikuja watatu. Walipoingia getini baba alisimama kabla hajaambiwa ni nani, wakashikana mikono hawakuachiana dakika nzima. Meneja aliwaitia bajaji ya kuwarudisha stesheni jioni, akapatana nae bei yeye mwenyewe wasipigwe.

Mengine ya kurekebisha. Lipa namba yao inasumbua sana, njoo na keshi. Bili wanaandika moja ya meza nzima, kugawana watu 14 ni kazi, waandike ya kila mtu. Paking ni vumbi na nafasi za magari nane tu. Kwa hayo natoa nyota nne, ya tano nawawekea siku wakiacha kuuza changu.

Mwezi wa nane waliwapa watu wa kikao cha harusi ile meza ndefu, wazee wakatawanywa kwenye meza nne na katibu akalazimika kusoma habari ileile mara nne anahama nalo daftari. Meneja aliomba radhi na sasa wanaweka kitambaa cha bluu juu ya meza tangu asubuhi. Kwahiyo ukienda Jumamosi ya mwisho wa mwezi ukakuta imetandikwa kitambaa na hakuna mtu, tafadhali usikae, nenda zile za upande wa ukuta, kivuli kipo pia. Wanafika saa sita kasoro.