Bagamoyo na kamera ya mfukoni: SX740 au TZ100?

Canon PowerShot SX740 HS inavuta mara 40, sawa na lenzi ya milimita 960. Ukikaa ufukweni Bagamoyo unamwona baharia akikaza kamba ya tanga, na jahazi bado liko mbali. Panasonic Lumix TZ100 inaishia mara 10. Jahazi hilohilo litakuwa kidoa.

Lakini ingia magofu ya Kaole jua likizama, kwenye makaburi ya mawe ya matumbawe. Kihisi cha TZ100, kile kipande kinachopokea mwanga, ni cha inchi 1, eneo lake karibu mara nne ya kile cha Canon, hivyo vivuli havijai chenga. Tena ina kitundu cha kuchungulia. Canon haina, na jua la saa saba likipiga kioo, unabahatisha tu.

Mimi nabeba TZ100. Jahazi nitalisubiri lifike.