Dodoso la udadisi wa watoto wa miezi 5 hadi 24: linafaa, ila usimwachie mzazi karatasi

Dodoso hili limetoka kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, nalo lilijaribiwa kwa walezi 370 wa huko. Lina kauli 23, na mlezi anajibu kwa 1 hadi 7 kadiri anavyokubaliana na kila moja. Alama zinagawanyika mafungu matatu: kutazama na kugusa, kuchunguza kwa vitendo, na kuwashirikisha wengine. Hapo ndipo lilipotuvutia. Mtoto anayekazia macho kila kitu kipya kimya kimya, na yule anayekuletea kopo ili nawe ulione, wote ni wadadisi, ila kila mmoja kwa njia yake.

Udhaifu uko kwenye ngazi saba za majibu. Kwenye foleni ya kliniki hapa Dodoma, mama akipewa karatasi ni rahisi kujaza 7 kuanzia juu hadi chini, kwa kuwa anaona mwanawe anatahiniwa. Msomee, na uulize mara mbili: kwanza anakubali, anakataa au yuko katikati, kisha kidogo, kiasi au sana. Kukubali ngazi tatu, katikati moja na kukataa tatu: saba zimetimia. Vijijini Bahi au Chamwino, tafsiri ya Kigogo iandaliwe mapema na irudishwe Kiswahili na mtu mwingine, la sivyo kila msaili atatafsiri lake.

Umri uchukue kwenye kadi ya kliniki. Kwa njiti, punguza wiki alizowahi kuzaliwa. Mama akishinda sokoni Majengo, muulize dada au bibi anayebaki na mtoto. Kauli zinazotaja vitu vya kuchezea zipewe mifano ileile kwa wote: sufuria, mwiko, kibuyu. Kauli isiyojibiwa iache wazi, kisha tafuta wastani wa zilizojibiwa. Ukijumlisha tu, mtoto anapunjwa.

Ongeza swali la pembeni, lisiloingia kwenye alama: kwa siku mtoto hukaa chini muda gani? Anayeshinda mgongoni kwenye mbeleko hana nafasi ya kufunua sufuria, na alama yake ndogo ya kuchunguza inaweza kueleza siku yake ilivyo kuliko alivyo yeye.

Kwa utafiti, na kwa mazungumzo na wazazi kwenye vituo vya kulelea watoto mchana, tunalipendekeza bila kusita. Kutafuta mtoto aliyechelewa kukua, hapana: halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Wala usimlinganishe wa miezi 6 na wa miezi 20 anayetembea.