Wiki sita za Kiingereza cha vikao pale Mwanga: uzoefu wangu

Niko kitengo cha usafirishaji kwenye shirika linalohudumia wakimbizi, ofisi yetu ipo Kigoma mjini. Kila Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi tuna kikao, na kikao ni cha Kiingereza. Mezani kuna Watanzania, kuna mkuu wetu Mmarekani, kuna wenzetu wa Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa. Kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, mwaka 2015 Warundi wakaja kwa wingi, na meza yetu ndivyo ilivyo.

Miaka mitatu nilikaa pale nikisema "yes" na "okay" tu. Kazi yangu naijua. Najua gari gani linakula dizeli kiasi gani mpaka Kibondo. Lakini zamu yangu ikifika ulimi unakuwa mzito, mtu mwingine analisema jambo langu, tena analikosea. Ndiyo maana nikalipa shilingi 90,000 kwa darasa la jioni karibu na soko la Mwanga: wiki sita, siku tatu kwa wiki.

Mwalimu ni mama aliyestaafu sekondari. Siku ya kwanza aliandika ubaoni ajenda kama tunavyoiandika mtaani au kwenye kikundi cha kuweka na kukopa: kufungua kikao, kusoma muhtasari, yatokanayo, mengineyo, kufunga. Pembeni ya "yatokanayo" akaandika "matters arising", pembeni ya "mengineyo" akaandika "any other business". Nilibaki nimeyakodolea macho. Miaka yote hiyo nilikuwa nayaona maneno hayo kwenye barua pepe nikidhani ni mambo ya wasomi, kumbe ni kikao kile kile anachokaa mama yangu Ujiji kila mwezi, yeye akiwa mweka hazina.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni somo la adabu. Kwetu ukitaka kusema kikaoni unasema "naomba kuchangia". Tukihamia Kiingereza tunasema "I want to talk", na anayesikia anaona kama unaamrisha. Mwalimu akatuambia tukumbuke "ningependa". Ile -nge- inayolainisha ombi, Kiingereza kinaifanyia kazi kwa "would" na "could". Kwa hiyo "naomba kuchangia" ikawa "Could I come in here?", na "sijaelewa, naomba urudie" ikawa "Could you go over that again, please?" Tulizisema kwa sauti, mmoja mmoja, tumesimama, mpaka zikawa zinatoka zenyewe. Akatutahadharisha na "with all due respect": ukiitafsiri ni heshima tupu, lakini mwenye lugha yake akiisikia anajiandaa kupingwa.

Sasa kasoro. Nusu ya kijitabu wanachotoa ni misemo ya ofisini ya kukariri, kama "touch base" (kuwasiliana kwa kifupi) na "low-hanging fruit". Nilikariri yote. Jumatatu moja nikasema kutengeneza breki za yale magari mawili ni "low-hanging fruit", nikimaanisha kazi nyepesi ambayo tungeimaliza kwanza. Mwenzangu Mrundi aliyekaa kushoto kwangu akaandika kwenye daftari lake "fruits", na mbele yake alama ya kuuliza. Kikao kilipoisha akanisogelea: "Dada, hayo matunda ni ya nini?" Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimemfanyia yale yale niliyofanyiwa mimi miaka mitatu. Siku hizi nasema "an easy first step", naye anaandika bila kusita.

Kasoro ya pili ilitugharimu. Kijitabu kinasema "to table" ni kuleta jambo mezani lijadiliwe. Kwa Waingereza ni kweli. Kwa Wamarekani ni kinyume chake, yaani kuliweka kando kwanza. Mkuu wetu aliposema "let's table the fuel request" nikafungua faili na kuanza kupanga hesabu zangu za dizeli, kumbe kikao kimeshahamia jambo lingine. Ombi likasubiri wiki nzima, lori moja likalala yadi na mzigo wake. Nilipomweleza mwalimu hakubisha. Alichukua kalamu akasahihisha nakala yangu, na kipindi kilichofuata akawasahihishia wote.

Sentensi ninayoitumia zaidi leo haimo kwenye kijitabu, tuliitunga darasani siku hiyo: "Just so I'm clear, are we discussing this today or next week?" Nimeisema vikao vinne mfululizo. Mkuu anajibu, katibu anaandika tarehe, na wenzetu wa Kifaransa nao wananyanyua vichwa kusikiliza jibu.

Kwa bei ile, anayekisoma Kiingereza vizuri ila kinamkwama mdomoni atafaidika sana. Anayeanza kabisa atapotea, maana sarufi hawafundishi. Chumba kina joto, na umeme ukikatika mnamalizia kwa tochi za simu. Awamu ijayo mwalimu anaongeza somo la kuandika muhtasari wa kikao, na mimi nimeshalipia.