Kamera iliyosifiwa sana ikaniumbua ukumbini Sinza

Bado nina hasira. Kamera hii niliinunua Kariakoo miezi kadhaa iliyopita, baada ya kukesha karibu wiki mbili nikiangalia video za wahakiki. Aliyenimaliza ni jamaa mmoja wa Uingereza. Anatembea mtaani mchana, anapiga picha, kamera haitoi hata mlio kwa sababu anatumia shata ya kielektroniki (shata ndiyo inayoamua picha ichukue mwanga kwa muda gani), huku akisisitiza kwamba shata ya kimakanika, ile ya mapazia yanayofunguka na kufunga, imepitwa na wakati na anayeing'ang'ania ni mtu wa kizamani. Nikamwamini. Nikon D700 yangu, toleo la 2008, megapikseli 12, nikaanza kuiona takataka.

Sasa mimi kazi yangu ni sendofu na kichen pati. Ukumbini Sinza taa za LED zimejaa kila kona. Nikaweka shata ya kielektroniki kama nilivyofundishwa, kasi 1/500 ya sekunde. Bibi harusi anaingia, ndugu wanacheza, vigelegele, nami napiga tu. Picha zaidi ya 200. Nafika nyumbani nafungua kompyuta: mistari mipana ya giza, minne mitano kila picha, imempita usoni, imepita kwenye keki, utadhani nimempiga akiwa nyuma ya dirisha la nondo.

Nimekuja kuelewa baadaye. Shata ile ya kielektroniki husoma sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, mstari kwa mstari, na umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Sehemu inayosomwa wakati taa imefifia hutoka na giza. Ukishusha kasi hadi 1/100 mistari hupotea, lakini watu wanacheza! Mikono yote inatoka ukungu. Mapazia hupita haraka zaidi, kwa hiyo tatizo hupungua sana. Yule jamaa hakuligusa hili kabisa.

Mama wa binti aliziangalia picha kimya, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hii mistari ndiyo mtindo wa siku hizi?" Nilimrudishia nusu ya hela, na lile swali bado linaniuma.

Nilikuja hapa kuandika: msinunue. Lakini juzi asubuhi nilikwenda soko la samaki Feri, jua limeshatoka. Nikamwomba ruhusa mzee mmoja muuza changu, akakubali, akaendelea na wateja wake. D700 ikilia tu watu hugeuka na kukaza nyuso. Hii haikusikika. Nimepata uso wake akibishana bei, macho yanacheka, na sijawahi kupiga picha nzuri kama ile.

Kwa hiyo kamera siilaumu. Au nailaumu kidogo. Yule mhakiki angesema maneno manne tu: "Mimi napiga picha mchana." Ningejua hazungumzi na mimi.

Jumamosi nina sendofu Tabata. D700 iko kwenye chaji. Hii mpya naiacha nyumbani. Hapana, nitaibeba, ila kwa shata ya mapazia, na nikiona mstari hata mmoja, Jumatatu naiuza.