Noti yangu aliikataa, kartushi yake nikaipokea

Nianze na noti, maana ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Noti ya dola 20, niliyotaka kununulia maski ya kazi. Watu wa Goma mnajua mambo ya dola hapa kwetu: ikiwa na mpasuko, hata mdogo kama alama ya jino la panya, haipiti. Kijana wa duka moja la Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, aliichukua, akaivuta pande mbili, akaigeuza, akainyanyua juani, halafu akanirudishia kwa vidole viwili kama anayeokota kitambaa cha mgonjwa. "Muzee, iyi imepasuka." Mpasuko wenyewe ulikuwa pembeni kabisa, hata nusu sentimita haufiki. Nikatoa nyingine, nikaongeza ya kumi na ya tano. Zote akazikagua hivyo hivyo, moja moja, bila haraka, watu wamepanga mstari nyuma yangu. Na mimi, mjinga kuliko wajinga wote wa Birere siku ile, nikapokea maski yake bila kukagua kitu.

Ilikuwa inaning'inia kwenye msumari mlangoni, kartushi zake mbili, yaani vile vikopo vya kuchujia hewa, zimeshafungwa mashavuni, haina boksi, haina mfuko. Chini yake yamepangwa mapipa ya thina, ile dawa ya kuyeyushia verni, anayowapimia watu kwa chupa. Kila nikiikumbuka picha hiyo nataka kujipiga kofi.

Mimi ni fundi mbao. Atelye yangu, yaani karakana, iko upande wa Ndosho, na kazi iliyonipa jina ni ya kumalizia: msasa na verni. Vitanda vya maharusi, makabati, milango ya mbao za libuyu. Miaka mingi nilikuwa nafunga kitambaa puani. Ukaja wakati wa korona, tukapata zile maski za bluu za hospitali, nikajiona nimeendelea. Uongo mtupu. Ile ya bluu vumbi linaizunguka pembeni na kuingia, na mvuke wa thina hata hauna habari kwamba umevaa kitu. Jioni nikipenga kamasi, zinatoka na rangi ya mbao niliyoshinda nayo. Mke wangu alikuwa anajua oda zangu kwa kufua leso.

Mvule ndio ulionitia hofu. Ukipigwa msasa unawasha macho, unawasha mikono, halafu usiku kifua kinabana na unalala umekaa. Mpwa wangu anayesoma kemia ndiye aliyeniambia kwamba vumbi hili tunalolifagia kama uchafu tu, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliliweka tangu mwaka 1995 kwenye kundi la kwanza, lile la vitu vinavyojulikana kwamba vinaleta saratani kwa binadamu. Saratani hiyo inaanzia puani. Nikasema basi, leso zimetosha, natafuta maski ya kweli.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye msumari ule.

Kitanda cha kwanza nilichopuliza nikiwa nimeivaa kilikuwa cha harusi, haraka haraka, mwenyewe anapiga simu kila saa. Nikawasha kompresa, nikashika pistole ya kupulizia, nikaanza na ubao wa kichwani. Sikumaliza hata upande mmoja. Harufu ya thina ikaingia kama vile uso uko wazi, tena mbaya zaidi, maana ikishaingia ndani ya ile mpira haitoki. Kichwa kikaanza kugonga. Ulimini ladha tamu tamu ya ajabu. Nikaitupa maski juu ya mbao, nikatoka nje nikakaa juu ya makoro, mawe yetu ya volkano, mwanafunzi wangu akaniletea maji.

Dola 35 hizo.

Kesho yake nikarudi dukani. Nilikwenda kwa adabu, naapa. Nikamweleza kijana taratibu: maski inapitisha. Hakuigusa hata kuigusa. Aliniangalia usoni, akatabasamu, akasema kwa sauti ya kusikiwa mpaka barabarani: "Muzee, maski iko muzuri. Shida njo ile ndevu yako. Hata mbuzi ukimuvalisha, hewa itapita tu."

Mbuzi.

Watu wakacheka. Mama mmoja wa mandazi aliyekuwa amekuja kuvunja noti alicheka mpaka akashika ukuta. Nikamwambia kijana, mwanangu, mimi naweza kukuzaa, badilisha hii au nirudishie pesa. Akajibu hata bila kuniangalia, ameshaanza kumpimia mwingine thina: "Bintu bilishauzwa hatubadilishake."

Nilirudi kwa miguu mpaka Ndosho. Pesa ya pikipiki nilikuwa nayo, ila hasira ilikuwa inatembea na mimi nikaifuata. Siku ile ungeniuliza ningekuambia: duka hilo moto uliwake, maski hiyo ni takataka, mwenye kuinunua ana wazimu.

Usiku nikanyoa. Sikunyoa kwa kukubali. Nilinyoa ili nirudi pale na kidevu kitupu nimwoneshe kwamba ni mwongo. Mke wangu, ambaye tangu tuoane ananiomba niziondoe hizo ndevu, alisimama mlangoni na taa mkononi akasema, "Kumbe mwenye duka anasikilizwa kuliko mimi." Sikuwa na jibu.

Sasa hapa lazima niwe mkweli, ingawa sipendi. Asubuhi nikavaa ile maski, mpwa wangu akanielekeza jinsi ya kuipima. Unaziba kartushi zote mbili kwa viganja, unavuta pumzi polepole. Mpira ukanishika usoni kama mtoto anayenyonya, ukabaki umeshika mpaka nilipoachilia. Halafu unaziba kile kitundu cha mbele cha kutolea pumzi, unapuliza kidogo. Ukisikia upepo karibu na macho au kwenye kidevu, haijakaa, kaza mikanda. Hakukuwa na upepo. Na ndevu? Nikakumbuka kwamba zilipokuwepo haikunishika hivyo hata kidogo. Kila unywele unafungua njia yake. Yule kijana mwenye mdomo mchafu alikuwa amesema kweli.

Nikashinda na mvule siku nzima, mashine ya msasa inalia, vumbi limejaa mpaka mlango hauonekani vizuri. Jioni nikavua, nikatoa leso, nikapenga.

Nyeupe.

Nilimwita mke wangu aje aone. Nikawaita na majirani wawili. Mtu mzima anaonesha watu leso yake na anacheka peke yake, lakini kama hujawahi kupenga kamasi za rangi ya libuyu miaka yote hiyo huwezi kunielewa. Usiku nililala chali. Kabla ya usingizi nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwomba radhi yule kijana, hata nilifikiria kumpelekea kigoda.

Kesho yake nikapuliza verni, na harufu ikaingia.

Safari hii haikuingia kwa pembeni. Nilipima tena, mpira umeshika vizuri kabisa. Inaingia kwa mbele, inapita katikati ya kartushi zenyewe kama kwenye nyavu ya mbu. Ndevu sina. Harufu iko. Maneno ya radhi nikayameza, na kigoda nikakikalia mwenyewe.

Mpwa wangu alipokuja aliziangalia zile kartushi. Zina mstari wa kahawia na herufi A, ambayo kwa kipimo cha Ulaya ndiyo ya mvuke wa vitu kama thina. Zina na mstari mweupe na herufi P, huo ni wa vumbi. Kwa hiyo aina si mbaya, nilichouziwa ndicho kilichoandikwa. Akaniuliza, mujomba, ulizikuta ndani ya mfuko uliofungwa? Nikamwambia habari ya msumari. Akashika kichwa.

Ndani ya kartushi kuna makala, yaani makaa. Ni ndugu wa makala ya kupikia, ila yameandaliwa mpaka yakawa na matundu madogo yasiyohesabika, na mvuke wa thina ukipita unanaswa humo. Matundu yakijaa, basi, yamekwisha, mvuke unapita tu. Na makala hayajui kama yamevaliwa na mtu au na msumari. Yakikaa wazi yanakula chochote kilichoko hewani, usiku na mchana. Zangu zilikuwa zimeshinda pale mlangoni sijui miezi mingapi, juu ya mapipa ya thina, zinavuta harufu ya duka zima kwa niaba ya kijana yule. Yaani maski ilimlinda yeye. Mimi nilinunua maiti.

Na huyu ndiye aliyerudisha noti yangu kwa sababu ya mpasuko! Kitu ambacho kazi yake yote inategemea kufungwa, yeye anakiuza kimefunguliwa, halafu karatasi ambayo ingenunua kitu kile kile popote duniani, yeye ananinyooshea kwa vidole viwili. Nimelifikiria jambo hili nikiwa kanisani, mbele za Mungu, badala ya kusikiliza mahubiri.

Mpwa wangu, kama kawaida ya wasomi, hakutaka kumhukumu mtu mara moja. Alisema thina zetu hizi za kupima kwa chupa hazina maandishi, huenda mna asetoni nyingi, nayo inachemka kwenye nyuzi 56 tu. Hiyo ya A imetengenezwa kwa vitu vinavyochemka juu ya nyuzi 65. Asetoni inaipita haraka, inataka kartushi yenye alama AX. Kwa hiyo labda kosa ni la thina. Nikamwuliza, hiyo thina niliinunua wapi? Akanyamaza.

Kuna mengine aliyonikataza, nayapitisha haraka. Ile verni ya makopo mawili inayochanganywa na dawa ya kukaza, inayong'aa kama kioo, mimi siipulizi tena hata mteja akilia. Ndani ya dawa ile kuna kemikali zinazoitwa isosayaneti. Zinaweza kukuachia pumu ya maisha, na pua haikuonyi mapema kwamba kartushi imekwisha. Wanaoipuliza kwa usalama wanaletewa hewa safi kwa bomba kutoka nje. Mimi bomba hilo nitalitoa wapi?

Na mwanafunzi wangu, aliposikia habari ya makala, akafurahi akasema sasa ataivaa akishuka kwao karibu na ziwa, asiogope mazuku. Nilimshika mkono. Mazuku ni kabonidioksaidi, nzito, inalala mabondeni na kusukuma hewa ya kupumua itoke. Maski hii inachuja hewa iliyopo, haitengenezi hewa. Ukiingia nayo kwenye mazuku utakufa umeivaa, na watu watasema ulikuwa mtu wa kujitunza.

Basi nikatafuta kartushi mpya. Nilizunguka soko la Virunga, nikazunguka Birere nzima, nikamtuma mtu aulize Gisenyi ng'ambo ya mpaka. Kote wananionesha zile za bluu za hospitali, na mmoja alinionesha miwani ya kuogelea. Mnajua nilikoishia.

Kabla ya kwenda nilijiapiza kwamba nikifika nitasema. Nilikuwa na hotuba. Kijana aliponiona alinitazama kidogo, akaniuliza, "Papa, nikusaidie?" Hakunitambua! Ndevu zimeondoka na kesi yangu yote. Ningesema mimi ndiye yule mbuzi?

Nikaomba kartushi za kahawia zenye na mstari mweupe, A2P3, zinazozuia mvuke na vumbi pamoja. Akanyoosha mkono kwenye msumari. Nikasema hapana, za kwenye mfuko. Akaingia ndani, akakaa, akatoka na mfuko. Nikauchukua. Nikauvuta pande mbili. Nikaugeuza, nikasoma tarehe ya mwisho, nikaunyanyua juani, nikapitisha kucha kwenye mshono wote, polepole, watu wamepanga mstari nyuma yangu. Pembeni kulikuwa na mpasuko, mdogo, hata nusu sentimita haufiki.

Nikamrudishia kwa vidole viwili. "Mwanangu, hii imepasuka."

Alinyamaza. Akaenda kuleta mwingine, na huo ulikuwa mzima.

Sasa zina wiki kadhaa, nimepuliza makabati mawili na milango sita, harufu bado sijaisikia. Kazi ikiisha nazifungua, nazitia kwenye kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko cha kukaza, kopo haliachwi wazi hata dakika. Nikianza kuvuta pumzi kwa shida nitajua vumbi limeziba. Nikisikia thina nitajua makala yamejaa. Kama hapo kwanza kosa lilikuwa la kartushi au la thina ya siku ile, siwezi kuapa, ingawa moyoni najua.

Je, nawaambia mnunue? Maski yenyewe, ndiyo, kati ya kumi naipa tisa, hata tisa na nusu kwa ajili ya ile leso. Duka nalipatia sifuri. Hapana, moja, kwa sababu ya ndevu. Tena hiyo moja naiondoa, kwa sababu nilipompa pesa ya zile kartushi nzima, aliichukua noti yangu, akaivuta pande mbili, akainyanyua juani.