Vue: miksini au funksheni-kiwanda?
Vue ni zana ya JavaScript ya kujengea kurasa za wavuti, na miksini (mixin) ni furushi la data na funksheni linalochanganywa ndani ya sehemu ya ukurasa. Ofisini kwetu Mlandege tulikuwa na ukurasa wa tiketi za boti wenye miksini mbili: ya nauli ya Mkoani, Pemba, na ya Dar es Salaam. Zote mbili zina data iitwayo `bei`. Vue haikulalamika, iliyotajwa mwisho ikaifunika ya kwanza, na abiria wa Pemba akaoneshwa nauli ya Dar. Loo!

Funksheni-kiwanda (factory function), mfano `tengenezaNauli("Mkoani")`, kila ukiiita hukupa kitu kipya chenye `bei` yake, na jina unachagua mwenyewe: `nauliPemba.bei`. Anayeusoma msimbo anajua imetoka wapi. Inataka mistari michache zaidi, basi.

Vue 3 bado inazikubali miksini, hasa kwa ajili ya programu za zamani. Kazi mpya mimi sizigusi.