Askari wa Uingereza na nyumba ya kwanza: mkopo wa jeshi au akiba ya Lifetime ISA?

Forces Help to Buy, mpango ulioanza 2014, humkopesha askari hadi nusu ya mshahara wake wa mwaka, mradi isizidi pauni 25,000. Hauna riba, na hulipwa ndani ya miaka 10 kwa makato ya mshahara. Mwenye mshahara wa pauni 36,000 hupata 18,000 na hukatwa 150 kila mwezi. Fedha zinafaa kwa malipo ya awali, hata ada za wakili. Ila hilo ni deni, na benki ya mkopo wa nyumba italihesabu.

Lifetime ISA, akaunti ya akiba inayoongezwa na serikali, haina deni. Unaweka hadi pauni 4,000 kwa mwaka, serikali inaongeza asilimia 25. Lakini lazima akaunti itimize miezi 12, na nyumba isizidi pauni 450,000. Ukizitoa fedha hizo kwa shughuli nyingine kabla ya miaka 60, kwa kawaida unakatwa asilimia 25 ya jumla: katika 5,000 (4,000 zako na 1,000 za serikali) unabaki na 3,750, pungufu ya ulichoweka!

Kwa kuruta mwenye miaka 19, ningeanza na akiba. Aliyekwisha pata nyumba ya kununua achukue mkopo. Anayeweza kusubiri atumie zote mbili, hazigombani.